Kaseti ya Mji Aliouchora Baba

Watu wachache waliobaki na kaseti yetu huniuliza mambo mawili: kwa nini ina mluzi kama wa redio inayotafuta stesheni, na yule mzee anayecheka katikati ya wimbo wa nne ni nani. La mluzi nalijibu haraka. La mzee lina maelezo marefu, na huwa nayatoa kwa furaha, maana kicheko kile kilinitua mzigo ambao nilidhani nitazeeka nao.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa, na karibu kila kilichofika Dodoma kilikuwa kimeshatumiwa na mtu mwingine kwanza: mashati, baiskeli, pasi, mafriji. Mjomba wangu alirudi kutoka Maskati na kinanda cha umeme, akampa mwanawe. Binamu yangu huyo hakuwa amewahi kugusa kinanda maishani, lakini kilikuwa na vitufe, na yeye ni mtu wa vitufe. Kimoja kilipiga ngoma bila mpigaji. Kingine kilitoa sauti ndefu, nyembamba, inayopanda na kushuka, ya aina tuliyoisikia sinema kwenye picha za watu wanaokwenda mwezini. Alikibonyeza hicho siku nzima, mama akaomba Mungu umeme ukatike, na kwa kawaida ya mji wetu ombi lake halikuchelewa kujibiwa.

Bendi ilikuwa ya watu wanne. Binamu alikuwa na kinanda. Gitaa alipiga kijana wa Kirangi kutoka Kondoa, mtu wa maneno machache, aliyerithi kwa kaka yake santuri za dansi la zamani na alijua kila tarumbeta inaingia wapi. Wa tatu alikuwa rafiki yetu Mgogo wa Hombolo, ambaye kwao wanalima zabibu. Yeye alipiga ilimba, ule ubao wenye vyuma vinavyochezewa kwa vidole gumba. Mimi, msichana peke yangu, niliimba. Sisi ni Waislamu wa mjini, wajukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka Unyamwezi. Kuimba nilijifunza kwenye kasida, kati ya matari na macho makali ya mwalimu wa madrasa, na ndiyo sababu hata nikiimba mapenzi sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyetawadha.

Ukituweka watu hao chumba kimoja, huna bendi, una ugomvi. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa ilimba na kinanda. Chuma kimoja cha ilimba kilitoa sauti iliyokaa katikati ya sauti mbili za kinanda, si huku wala kule, na kila vilipokutana hapo masikio yalituwasha. Binamu alitaka chuma kivutwe. Mgogo akasema chuma kilivutwa na baba yake, na kabla ya hapo na babu yake, na asiyekipenda arudi nacho kinanda Maskati. Tulinuniana. Mwishowe ikakubaliwa kwamba ilimba ikifika kwenye sauti ile kinanda kitanyamaza, na kwa kuwa ilifika pale mara nyingi, kinanda kikajifunza adabu. Nyimbo zetu zikapata mianya, na hiyo mianya ndiyo watu waliyoipenda.

Tarumbeta hatukuwa nazo, basi binamu alizipiga kwa kinanda, zikatoka kama nyuki waliofungiwa chupani. Mrangi aliona aibu kwa niaba ya kaka yake na santuri zake. Baada ya wiki mbili tatu akaanza kutabasamu. Alisema tarumbeta hizo zinafanana na za zamani zikiota ndoto ya miaka ijayo. Kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba, na ndipo tulipojua tunatafuta nini: muziki wa kesho kama wazee walivyoisubiri. Mluzi wa redio tuliurekodi usiku wa kuamkia Ijumaa moja kutoka masafa mafupi. Ngoma ya muheme, ile ya wanawake, inayobanwa kati ya mapaja, tulikwenda kuinasa Haneti kwenye arusi ya dada wa Mgogo. Upepo uliingia kwenye kinasa sauti zaidi ya ngoma. Tuliuacha. Ukiusikiliza leo utadhani ni mashine inayonguruma mbali, kumbe ni Haneti tu mwezi wa nane.

Lakini wazo lenyewe la kaseti lilitoka ukutani kwetu.

Baba alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi iliyopewa kazi ya kuuchora mji mkuu mpya. Nyumbani kwetu Ipagala, juu ya kabati la vyombo, ulining'inia mchoro wake mkubwa wa rangi: mji wa Dodoma utakavyokuwa. Barabara pana zilizojaa miti, mabasi yana njia yao peke yao, stendi yenye paa kama bawa la kunguru, na watu wanatembea bila haraka, wanaume na suruali za bugaluu zilizopanuka chini, wanawake na viatu vya raizoni vyenye soli nene, kana kwamba mtindo ule ungedumu milele. Pembeni chini uliandikwa mwaka ambao hayo yote yangekuwa yamekamilika. Sisi tulipoanza bendi mwaka huo ulikuwa umeshapita. Watu wa kesho walikuwa wamevaa nguo za jana, na mimi niliyekua nikila ugali chini ya mchoro ule niliupenda na kuuonea huruma kwa pamoja.

Ofisi nyingi zilikuwa zinapunguza watu, na ya baba nayo ikapunguza, naye akawa mmoja wao. Alirudi nyumbani na rula zake, akaziweka juu ya kabati, na hakuzungumzia tena mji. Wengine ndio waliouzungumzia. Akienda sokoni hakukosa mtu wa kumuuliza, mzee, stendi tunapandia wapi? Huyo mwulizaji hakuwa mtani wake, hakuwa hata jirani, na baba alikuwa akirudi nyumbani midomo imekauka. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kucheka na baba kuhusu jambo hilo, na huyo alikuwa Mgogo wetu.

Sisi watu wenye asili ya Unyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Rafiki yetu akiingia kwetu alianza na heshima, shikamoo mzee, tena kwa kuinama. Baba akishaitikia marahaba, heshima imefunga duka. Nyinyi wapita njia, Mgogo alisema, mlitua mizigo mpumzike kidogo, mpaka leo hamjaibeba. Baba naye humjibu kwamba waliwakuta Wagogo wamelala, na wangeondoka nani angewaamsha. Hata baada ya kupunguzwa kazi, alipokuwa hana hamu ya mtu, baba alimvutia huyu kiti. Hakuwa akicheka tena, lakini alijibu.

Kwa hiyo kaseti tuliiita Kesho ya Zamani, na kila wimbo tukautoa kwenye pembe moja ya mchoro. Wa kwanza ni wa abiria anayeshuka kwenye stendi ile mpya. Wa pili ni wa vivuli vya miti. Wa tatu ni ule wenye ngoma ya arusi ya Haneti. Wa nne uliandikwa na Mgogo peke yake, na aliuandika kama mtani msibani. Kwa asiyejua, kwetu mtani akija kwenye mazishi huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na maneno yake, akayasema mabaya yake mbele ya kaburi, na wafiwa hucheka na machozi yakiwa mashavuni. Mgogo alisema mji wa mzee umekufa kabla ya kuzaliwa na hakuna aliyeulilia. Yeye ndiye mtani, basi kazi ni yake. Kibwagizo kilikuwa hiki:

Mji wetu wa karatasi, mvua naomba usinyeshe,
Fundi aliyeuchora analala nyumba ya mtu.

Nayo ilikuwa kweli. Nyumba ya Ipagala haikuwa yetu. Baba alimchorea kila mtu kiwanja katika mji ule, na sisi tulikaa kwa mwenye nyumba aliyekuja kila mara kuangalia kama tumepigilia misumari ukutani.

Tulirekodi kwenye studio ndogo ya misheni moja iliyokodishwa mchana. Mgogo alikuwa na mafua siku ile, na hata bila mafua sauti yake haifiki juu. Binamu, ambaye alishajifanya mkubwa wa vyombo, akasema kibwagizo niimbe mimi. Hakuna aliyepinga. Vijana wanne wa mji huu, tuliolelewa kwenye utani kama wengine wanavyolelewa kwenye uji, na hakuna hata mmoja aliyesema ngojeni. Tulikuwa tunasikiliza tuni. Nikaimba, na niliimba vizuri kuliko nyimbo nyingine zote. Ile sauti yangu ya kasida, ya kuita watu kwenye jambo zito, ndiyo iliyotamka kwamba fundi analala nyumba ya mtu.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mama. Aliweka kaseti kwenye redio akiwa anachambua mchele, akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa mdundo, na kwenye wimbo wa tatu akasema upepo ule unamkumbusha nguo za kuanua. Ulipofika wimbo wa nne aliacha mchele. Alisikiliza kibwagizo mara ya kwanza, akakisikiliza mara ya pili, akazima redio.

Aliniuliza nani ameyatunga maneno. Nikamtaja. Akasema kutunga hakuna neno.

"Yule ni mtani wake, mdomo wake hauna kesi," alisema. "Wewe ni mtani wa baba yako tangu lini?"

Mama hakugomba. Alieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto kwa nini jiko linaunguza, kwamba neno lile likitoka kwa Mgogo ni mchezo, na baba atalirudisha na kudai faini. Likitoka kwa binti yake halina pa kurudishiwa. Ni mtoto anamwambia baba yake, mbele ya mji mzima, hukutujengea. Nilijua kwamba siku hiyohiyo asubuhi binamu alimpelekea kinyozi nakala ili aipige watu waisikie, na baba alikuwa ametoka kwenda kunyoa.

Nilikimbia. Mtoto wa kike wa umri wangu kukimbia barabarani na kanga begani ni habari ya wiki nzima, lakini sikujali. Kwa kinyozi mlango ulikuwa wazi na niliisikia ilimba kabla sijafika. Baba alikuwa kitini, shuka la kinyozi limemfunga shingoni, ndevu za upande mmoja zimekwishanyolewa na za upande wa pili bado. Hakuweza kuinuka. Hakuna mwanamume anayetoka kwa kinyozi na nusu ya ndevu. Wazee watatu kwenye benchi walikuwa wanatikisa miguu, na nilitamani umeme ukatike kama ulivyokatika siku zote ambazo hatukuuhitaji ukatike. Haukukatika. Kibwagizo kikaja, wazee wakaangua kicheko, mmoja akajipiga paja. Halafu mwenzake akanitazama pale mlangoni, akaitazama redio, akajua ile sauti ni ya nani, akamgusa mwenzake goti. Wakanyamaza wote watatu. Kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kicheko.

Baba aliniona kwenye kioo. Alimwambia kinyozi amalizie na upande wa pili.

Sikuweza kusubiri amalize. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, na nikilia nilijua kinacholia si aibu tu. Nilikuwa nimeimba kile kibwagizo vizuri kwa sababu neno lile lilikuwa limenikaa. Kila mwenye nyumba alipokuja kukagua misumari, kila mama alipotunza hela za kodi huku rafiki zangu wanajengewa, nilikuwa nimeutazama mchoro ule ukutani na kusema moyoni, mji mzima huo, na sisi je? Mgogo aliyatunga maneno kwa mchezo. Mimi niliyaimba kwa dhati, na sikio la mzazi haliwezi kukosa kulisikia hilo.

Siku zilizofuata baba aliishi kana kwamba hakusikia kitu. Aliitikia shikamoo yangu, alikula, alikwenda msikitini, alirudi. Afadhali angenichapa. Jioni moja nilikuta ukuta juu ya kabati ni mweupe; mchoro haupo, umebaki mraba safi mahali ambapo vumbi halikufika. Mama hakujua ameupeleka wapi. Niliwaza ameuchoma, na wazo hilo lilinikosesha hata hamu ya kuongea na bendi. Binamu alizunguka na baiskeli kuzikusanya nakala zote alizogawa. Mgogo alitaka kwenda kuomba radhi, lakini mama alimzuia. Alisema mtani akishaomba radhi utani umekufa, na huo ndio uliobaki kumshika mzee.

Tulikuwa kwenye banda la mjomba mchana mmoja, tumekaa bila kupiga chochote, baba alipoingia. Mchoro ulikuwa kwapani, umeviringishwa vizuri. Tulisimama wote tukaamkia kwa pamoja, kama darasa. Aliitikia, akaukunjua mchoro juu ya kinanda, akatoa penseli nyuma ya sikio.

Alianza na stendi. Alisema tumeiimba iko upande linapochomoza jua, ilhali yeye aliichora upande wa pili kabisa, na akatuonyesha, na akaeleza kwa nini: upepo wa Dodoma ungelipeleka vumbi la mabasi yote kwenye hospitali. Alisema kwenye wimbo wa pili tumetaja miembe. Miembe ya nini? Yeye alichora mijohoro, kwa sababu mwembe unaita watoto na mawe. Alisema watu wa mtaani hawajui na wataisikiliza kaseti wakidhani ndivyo mji ulivyochorwa, na hilo hataki. Aliongea muda mrefu. Sikuwa nimemsikia akiutaja mji kwa wingi hivyo tangu arudi na rula zake. Nilikuwa nangoja afike kwenye wimbo wa nne, na alipofika aliweka penseli chini.

"Ubeti ule ni wa kweli," alisema, akimtazama Mgogo na si mimi. "Lakini una mwenyewe. Kwa nini unajificha nyuma ya mtoto?"

Mgogo akasema alikuwa na mafua. Baba akamwuliza kama ng'ombe wao nao hukamuliwa na jirani wakati wa mafua. Binamu alicheka kwanza, halafu Mrangi. Mimi sikuthubutu.

Baba alidai faini ya jogoo, na akadai wimbo urudiwe, mwenye maneno ayaimbe mwenyewe kwa sauti yake mbovu, na yeye mwenyewe awepo pale ajibu, kwa sababu mtani asiyejibiwa ni sawa na aliyeshinda. Studio ya misheni tulirudi baada ya muda si mrefu. Baba alivaa kanzu safi na koti, akaketi mbele ya kipaza sauti na mchoro magotini, ingawa hakuna aliyeuhitaji. Mgogo akaimba kibwagizo kwa sauti ile inayopasuka juu, na baba akamkata kabla hajamaliza. Akamwambia anyamaze, na akamsalimie babake Hombolo, shamba la zabibu limeshapitishiwa barabara ya njia nne, waanze kufunga mizigo, safari hii wapita njia ni wao.

Mgogo alipoteza kabisa wimbo. Alikaa sakafuni ameshika mbavu. Na baba akacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni, ambacho mimi nilikuwa nimeshakihesabu miongoni mwa vitu vilivyobaki ofisini. Fundi wa studio aliuliza kwa ishara kama akate. Binamu alimwonyesha mkono, asikate. Mrangi aliendelea na gitaa, ilimba ikarudi, ikapita kwenye ile sauti yake ya katikati, kinanda kikanyamaza kama ilivyo ada, na kwenye mwanya ule mnamsikia baba yangu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa studio, machozi yananitoka, na kifua changu kilikuwa chepesi kiasi kwamba niliogopa kupumua kwa nguvu nisije nikaharibu rekodi.

Kaseti haikutupeleka popote. Ilipigwa Dodoma, ikapigwa Kondoa, ikafika Singida kwa madereva wa malori, na baada ya hapo watu wakahamia kwenye muziki mwingine. Kwa kinyozi ilidumu zaidi. Wazee walikuwa wakiomba irudishwe nyuma kwenye jibu la barabara ya njia nne, na waliokuwa wakimuuliza baba kuhusu stendi waliacha, maana sasa alikuwa na jibu la kila mtu, na jibu lake lilikuwa na sauti ya gitaa chini yake.

Siku ile ya studio tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mimi, wengine wametangulia na vyombo. Upepo ulikuwa unatupiga usoni na baba alikuwa ameubana mchoro kwa mikono miwili. Tulikwenda mpaka tukaiona nyumba, ile ya mwenye nyumba, na hapo akasimama.

"Yule amesema lake," alisema. "Na wewe? Una lako la kuniambia?"

Nilitaka kusema sina. Ulimi ulikataa.

"Nilikuwa nalo, baba," nikamwambia. "Sasa hivi silioni."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo sahihi.

"Likirudi, uniambie wewe mwenyewe," alisema. "Bila kinanda."

Halafu akanipa mchoro nimshikie, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo.